Hotpoti Nyekundu ya Fundi Wino

Katika nyumba ya Fundi Wino kulikuwa na hotpoti mbili za kubebea chakula. Ya kwanza ilikuwa ya buluu, ndogo, yenye kifuniko kilicholegea upande mmoja, nayo ilitosha mlo wa mchana wa mtu mzima asiye mlafi. Ya pili ilikuwa nyekundu, pana, yenye mshikio wa kukunja, nayo ilimeza mlo wa mchana na wa jioni kwa pamoja na bado ikabakiza nafasi ya ndizi. Siku za kawaida alibeba ya buluu. Siku za kazi ya ziada alimwambia mkewe maneno mawili tu, "Nipe nyekundu," na mkewe hakuuliza kwa nini, maana tangu mwanzo wa ndoa yao alikwisha kuambiwa kwamba mambo ya kazini hayaulizwi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchapa noti za serikali. Jengo lilisimama mwisho wa barabara, lenye kuta ndefu na madirisha membamba yaliyowekwa juu sana, kana kwamba mjenzi alitaka mwanga uingie lakini asitake uone kitu. Ndani yake Fundi Wino alikuwa msimamizi wa mashine kubwa. Alifunga mabamba ya chuma yaliyochongwa picha, alipima uzito wa wino kwa kidole na kwa jicho, na alisikiliza mlio wa silinda kama daktari asikilizavyo kifua cha mgonjwa. Jina lake la utani hakupewa na mtu. Alipewa na kucha zake, ambazo hakuna sabuni iliyowahi kuziondolea rangi ya kijani. Siku aliyoajiriwa aliapa kutomwambia yeyote ni noti ngapi zinachapwa, ni za thamani gani, wala zinachapwa lini. Kiapo hicho alikishika kama mtu ashikavyo yai bichi. Mkewe alipenda kuwaambia dada zake kwamba mume wake hata akikoroma, hukoroma kwa tahadhari.

Mwaka ule serikali ilikuwa na mahitaji mengi na kodi haba. Wizara ilipokwama ilipiga simu, na simu ilipopigwa mashine zilinguruma mpaka jioni. Noti kubwa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imegeuka chenji ya kununulia kiberiti. Iliyoifuata iliongezwa sifuri, na iliyoifuata hiyo ikaongezwa sifuri nyingine, hata mchongaji wa mabamba akalalamika kwamba zikizidi hapo itabidi ndege aliyechorwa pembeni aruke azipishe.

Fundi Wino alicheka pamoja na wenzake, kisha akarudi kwenye mashine yake. Mawazo yake yalikuwa mahali pengine. Alikuwa amekaribia kustaafu, na katika chumba cha uani alikwisha kupima kwa futi kamba mahali ambapo angeweka mashine ndogo ya kuchapia kadi za harusi. Kiinua mgongo chake kingeinunua. Alikwisha kuchagua hata rangi ya mlango. Baada ya maisha marefu ya kuchapa kitu ambacho kila mtu alikitaka na hakuna aliyekitazama, alitamani kuchapa kitu ambacho watu wangekitazama, wakatabasamu, wakakiweka kabatini.

Asubuhi moja alitoka na ile nyekundu mkononi. Barabara yao ilikuwa fupi na yenye kelele za kirafiki. Kwanza lilikuja duka la Mizani, mfanyabiashara mnene mwenye sauti nyembamba, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya kupima kila kitu, pamoja na maneno ya watu. Mlangoni kwake ulining'inia ubao mweusi wenye bei zilizoandikwa kwa chaki.

"Naona leo mzigo mzito, fundi," Mizani alisema, macho yake yakiwa kwenye hotpoti.

"Njaa tu, bwana."

"Njaa yako au njaa ya serikali?"

Fundi Wino alicheka kwa adabu, kama achekavyo mtu aliyeapa. Nyuma yake alisikia chaki ikikwaruza ubao, lakini hakugeuka, kwa kuwa alikwisha kufika kwa fundi cherehani, mama mwenye ulimi mwepesi aliyeshonea barazani. Mama huyo alikuwa ameacha gauni la watu likining'inia kwenye sindano na sasa alikuwa anavuka barabara mbio, mkoba kwapani.

"Dada, mbona mbio asubuhi yote hii?"

"Sukari, kaka! Niache kwanza, nitakusalimu nikirudi!"

Fundi Wino aliendelea na safari yake akiwaza jinsi watu wa mtaa wao walivyopenda chai.

Mchana wa siku hiyo hiyo aliitwa ghorofani. Ofisini alimkuta Mkurugenzi, mtu mwembamba aliyezoea kusema kwa sauti ya chini ili wengine wainame, pamoja na Mkuu wa Usalama, ambaye hakuzoea hivyo hata kidogo.

"Kaa, fundi," Mkurugenzi alisema. "Tuna tatizo. Siri inavuja."

"Siri ipi, mkuu?"

"Siri ya hapa! Kuna nyingine?" Mkuu wa Usalama aliuliza. "Tukianza kuchapa asubuhi, bei zinapanda asubuhi. Noti bado zina unyevu! Bado ziko chini ya paa hili! Na unajua zinaanza kupanda wapi? Mtaani kwako. Kwako zinapanda kwanza, halafu wauzaji wa jumla wanapigiwa simu, halafu mji mzima. Katika idara yako yote, nani mwingine anakaa mtaa ule?"

"Mimi peke yangu," Fundi Wino alisema.

"Sisemi ni wewe," Mkurugenzi alisema kwa upole uliotisha zaidi ya kelele za mwenzake. "Nasema Ijumaa ijayo kutakuwa na kikao. Benki Kuu watamtuma mtu. Ukiwa na maelezo, njoo nayo. Usipokuwa nayo, sheria iko wazi. Mtu anayetoa siri anaondoka bila kitu. Hakuna kiinua mgongo."

Fundi Wino alishuka ngazi akihisi mashine yake ndogo ya kadi za harusi ikitolewa nje ya chumba cha uani, mguu mmoja mmoja, na watu asiowajua.

Jumapili shemeji yake alikuja kula chakula cha mchana. Shemeji huyu, mdogo wa mkewe, alifundisha historia ya fedha katika chuo kikuu, na alikuwa na tabia ya kugeuza kila meza kuwa darasa. Watoto wa nyumba walipokuwa wadogo walijificha alipofika, si kwa kumchukia bali kwa kuogopa kuulizwa maswali. Siku hiyo alianza hata kabla ya kunawa mikono.

"Dada, umeona bei ya unga? Hii si ajabu. Wafalme wa Rumi walifanya haya haya. Walipungukiwa, wakapunguza fedha ndani ya sarafu, wakaongeza shaba. Kidogo kidogo! Mwishowe sarafu ilikuwa shaba iliyopakwa fedha kama keki iliyopakwa sukari. Watu walifanya nini? Walizificha sarafu za zamani, wakalipana zile mbovu."

"Kula kwanza," dada yake alisema.

"Nakula. Huko China, ambako ndiko noti za karatasi zilikoanzia, walianza kwa nidhamu kabisa, kisha vita vikaja, na vita havina subira ya kungoja kodi. Wakachapa. Hata simbi, yale makombe madogo ya baharini yaliyotumika kama fedha Afrika Magharibi kwa mamia ya miaka! Wafanyabiashara wa Ulaya waligundua kwamba pwani ya Afrika Mashariki kuna simbi tele za bei chee, wakazipakia melini, wakazimwaga kule. Wenye simbi walilala matajiri, wakaamka na magunia ya makombe. Hakuna aliyechapa chochote, unaona? Kosa si la karatasi. Kosa ni wingi."

Fundi Wino alikuwa ameshika tama, chakula chake hakijaguswa. Mkewe alimtazama.

"Baba, kuna nini? Wewe huachi chakula hata ukiwa na homa."

Ndipo alipowaeleza. Hakueleza noti ngapi wala za thamani gani. Hata katika dhiki ile kiapo kilimkaa kooni. Alieleza tu kwamba kuna siri imevuja, kwamba inavujia mtaani kwao, na kwamba Ijumaa atapoteza kila kitu kwa kosa ambalo hakulifanya.

"Umemwambia nani?" shemeji aliuliza, akiwa ameweka kijiko chini.

"Sijamwambia mtu. Wallahi sijafungua mdomo."

"Hata dada yangu?"

"Hata yeye! Miaka yote hii hajui siku ninayochapa wala siku nisiyochapa."

Mkewe aliinua uso polepole. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kwa nguvu hata akalazimika kujishika mezani.

"Mimi sijui? Mimi? Baba watoto, mimi najua kuliko huyo waziri wako! Ukisema 'nipe nyekundu,' mnachapa. Ukisema 'nipe buluu,' hamchapi. Kwani unadhani mlo wa jioni unaula wapi, msituni?"

Fundi Wino aligeuza macho kuelekea rafu ya jikoni, ambako hotpoti mbili zilikaa bega kwa bega, zimeoshwa, hazina hatia. Alimkumbuka Mizani na macho yake. Aliikumbuka chaki. Alilikumbuka gauni lililoachwa kwenye sindano.

"Na wewe," alimwuliza mkewe kwa sauti iliyopotea nusu, "ukishajua, huwa unafanya nini?"

"Nanunua mafuta ya kupikia kabla hayajapanda. Ningefanyaje? Nina nyumba ya kulisha."

"Mungu wangu. Hata wewe!"

Shemeji yake alikuwa amesimama, amesahau chakula, macho yanang'aa kama ya mtu aliyeokota lulu kwenye sahani ya maharage. "Huko Ujerumani, baada ya vita vya kwanza vya dunia, wafanyakazi walilipwa mara mbili kwa siku, na wake zao waliwangoja langoni ili wakimbilie dukani kabla bei haijabadilika. Wale walikimbia baada ya fedha kutoka. Mtaa wenu unakimbia kabla haijatoka! Shemeji, wewe si mvujishaji siri. Wewe ni bendera."

"Bendera gani! Watanifukuza!"

"Hatuna uhakika bado. Tunahitaji jaribio. Kesho mna kazi ya ziada?"

Fundi Wino alifunga mdomo kwa nguvu.

"Basi sikuulizi. Wewe chagua siku ambayo haina, ubebe nyekundu. Tupu. Tuone."

Jumatatu, siku ambayo mashine kubwa ilikuwa imefunguliwa kwa ajili ya matengenezo na isingechapa hata kipande cha karatasi, Fundi Wino alitoka nyumbani na hotpoti nyekundu isiyo na chochote ndani. Chakula chake halisi, mkate uliofungwa katika kitambaa, kilikuwa mfukoni mwa koti. Alijitahidi kutembea kwa kawaida, na kama ilivyo kwa kila anayejitahidi hivyo, miguu yake ilimshinda. Alipita mbele ya duka kwa mwendo wa mtu anayebeba maji yaliyojaa pomoni.

"Tena?" Mizani aliuliza, na sauti yake nyembamba ilikaribia kukatika. "Wiki iliyopita nyekundu, leo nyekundu? Fundi, mnataka kutuua?"

"Njaa tu," Fundi Wino alisema kwa unyonge.

Safari hii aligeuka. Mizani alikuwa amefuta bei ya sukari kwa kiganja na alikuwa anaandika nyingine, ulimi nje kwa bidii, na kwa mkono wa pili alikuwa amebana simu sikioni. "Nileteeni magunia yote mliyonayo," alikuwa anasema. "Yote! Jamaa kapita na nyekundu." Fundi cherehani alikuwa tayari barabarani. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya kichwa.

Kufikia mchana bei ya sukari ilikuwa imepanda katika mji mzima. Fundi Wino alikaa kwenye benchi la karakana, akitafuna mkate wake mkavu mbele ya mashine iliyolala wazi kama gari lililotolewa injini, na akapatwa na hofu iliyochanganyika na kitu kinachofanana kidogo na fahari. Serikali, ili ipandishe bei, ilihitaji tani za karatasi, mapipa ya wino, mabamba ya chuma na watu walioapa. Yeye alihitaji chombo kitupu.

Siku iliyofuata kulikuwa na kazi ya ziada kwelikweli, na kubwa. Alibeba ya buluu. Mlo wa jioni mkewe alimshonea kwa ndani ya koti, katika mfuko uliomfanya aonekane amenenepa upande mmoja. Mizani alimtazama, akaitazama hotpoti ya buluu, akashusha pumzi, na siku nzima ubao wake haukuguswa. Mashine zilinguruma mpaka jioni, na sukari ikatulia kama maji ya mtungini.

"Sasa unayo maelezo," mkewe alisema usiku walipokuwa wanafunga milango.

"Nitawaambiaje? Niingie mbele ya Benki Kuu niseme mhalifu ni hotpoti? Watanicheka, kisha watanifukuza."

"Wakicheka, utakuwa umeshapata nusu ya unachotaka. Mtu aliyecheka hafukuzi vizuri."

Ijumaa alivaa shati lake jeupe, akaiweka hotpoti nyekundu ndani ya mfuko wa nguo ili asiwashtue majirani, na akapanda ghorofani. Mkurugenzi alikuwepo, Mkuu wa Usalama alikuwepo, na kati yao aliketi mama mmoja wa makamo kutoka Benki Kuu, mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu.

Mkuu wa Usalama ndiye aliyeanza, tena kwa jambo ambalo halikutarajiwa.

"Tumekagua idara yako. Tumefungua kabati la wafanyakazi. Limejaa miche ya sabuni, toka chini hadi juu! Mnafanya biashara ya magendo?"

"Hapana, mkuu. Ni chama chetu cha kuwekeana akiba. Kila mwisho wa mwezi kila mtu anachangia mche wa sabuni, na mmoja wetu anachukua wote."

"Sabuni? Kwa nini msichangie fedha kama watu wengine?"

Fundi Wino aliutafuta uongo unaofaa na asiuone. "Mkuu," alisema, "sisi ndio tunaozichapa."

Mama wa Benki Kuu alikohoa. Kikohozi kile kiliendelea kwa muda, akageukia dirishani, na aliporudi alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Endelea, baba," alisema. "Wameniambia una maelezo."

Fundi Wino aliitoa hotpoti nyekundu mfukoni na kuiweka katikati ya meza. Kisha akasimulia yote: maneno yake mawili ya asubuhi, macho ya Mizani, chaki, gauni kwenye sindano, Jumatatu aliyobeba chombo kitupu, Jumanne aliyoshonewa chakula cha jioni ndani ya koti. Hakujitetea. Alisema tu kwamba kiapo chake kilifunga mdomo, na kwamba hakuna aliyefikiria kukiapisha chakula chake.

Mkuu wa Usalama aligonga meza. "Jumatatu! Jumatatu hatukuchapa kitu, na bei zilipanda. Tulikesha tukimtafuta aliyetoa siri ambayo haikuwepo!" Aliitazama hotpoti kama mtu anayetaka kuitia pingu.

"Basi dawa ni rahisi," Mkurugenzi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda kidogo. "Tuwanunulie wafanyakazi wote hotpoti za buluu. Tuchape tunavyotaka, na watu walale usingizi."

"Kwa wiki ngapi?" mama wa Benki Kuu aliuliza. "Noti zikishafika mikononi mwao wataona bei zinapanda bila nyekundu. Wataacha kutazama hotpoti. Wataanza kutazama viatu vyake, au koti lake lililovimba upande mmoja."

"Mke wangu anasema atajua kwa jinsi ninavyokunywa chai," Fundi Wino aliongeza kwa uaminifu.

"Umesikia?" Mama yule alivua miwani aliyokuwa ameivaa wakati wa maelezo na kuiacha ining'inie. "Mabwana, fikirini kidogo. Fedha mpya ina faida kwa yule anayeitumia kwanza, kabla bei hazijapata habari. Huyo siku zote ni serikali. Ndiyo sababu ya kuchapa. Sasa kama bei zinapata habari asubuhi, wino haujakauka, serikali inanunua kwa bei mpya kama mtu mwingine yeyote. Tunalipia karatasi, tunalipia wino, tunamlipa fundi huyu kazi ya ziada, na tunachokipata ni hasira za watu. Mwaka mzima nimeiandikia wizara maneno haya, kurasa juu ya kurasa. Hakuna aliyefika ukurasa wa pili." Aliigusa hotpoti kwa kidole. "Hii haina kurasa. Baba, unaweza kuniazima?"

"Hotpoti, mama?"

"Nataka niiweke juu ya meza ya Waziri."

Fundi Wino aliwaza jinsi atakavyomweleza mkewe. "Chukua," alisema. "Lakini naomba irudi. Ni ya mke wangu. Na kuhusu kiinua mgongo changu..."

"Kiinua mgongo chako kiko palepale," mama yule alisema, akimtazama Mkurugenzi, naye Mkurugenzi akaafiki kwa kichwa kwa haraka ya mtu anayekubali asichoulizwa.

Nyumbani habari hizo zilipokewa kwa hisia mchanganyiko.

"Hujafukuzwa!" mkewe alisema na kumkumbatia. Kisha akarudi nyuma hatua moja. "Na hotpoti yangu?"

"Iko wizarani."

"Wizarani! Wizara imeshindwa kutunza fedha ya nchi nzima, wewe umeipa hotpoti yangu?"

Wiki zilipita. Kazi ya ziada ilikoma, kwanza kimyakimya, kisha kwa tangazo redioni lililojaa maneno makubwa ambayo shemeji aliyafafanua mezani kwa furaha isiyo na kipimo. Malipo ya ziada nayo yalikoma, lakini mkewe alipopiga hesabu aligundua kwamba mshahara mtupu sasa ulifika mwisho wa mwezi ukiwa na pumzi, jambo ambalo malipo ya ziada hayakuwahi kuliwezesha. Mizani, aliyekuwa amejaza magunia ya sukari mpaka chini ya kitanda kwa ajili ya ile Jumatatu, aliuza kwa bei ya chini huku akinuna, na mtaa mzima ukanywa chai tamu kwa gharama ya hofu yake. Katika karakana, mchongaji wa mabamba alikuwa wa kwanza kuchangia chama kwa noti, akiziweka kabatini kando ya sabuni kwa namna ya mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu.

Asubuhi moja ya mapumziko, Fundi Wino akiwa chumba cha uani anapaka mlango wake rangi, gari jeusi la serikali liliingia barabarani, likasimama mbele ya nyumba yake. Dereva mwenye suti alishuka, akafungua mlango wa nyuma, na kwa heshima kubwa akatoa hotpoti nyekundu. Ilikuwa imeoshwa na kung'arishwa mpaka ikametameta juani.

Barabara nzima iliganda. Nyekundu kwa mkono wa fundi walikuwa wameizoea. Nyekundu kwa gari la wizara hawakuwahi kuiona. Kinyozi aliachia mkasi. Fundi cherehani aliruka kutoka kwenye kiti chake. Mizani alipiga yowe lake jembamba, akaifuta bei ya sukari, akaifuta ya unga, akaifuta ya mafuta, na akabaki na chaki hewani, kwa sababu hakujua namba yoyote kubwa ya kutosha.

Fundi Wino alitoka uani mbio, brashi mkononi, matone ya rangi yakimfuata. Alimpokonya dereva ile hotpoti, akafungua kifuniko, akaiinua juu ya kichwa.

"Tupu!" alipaza sauti. "Jamani, tazameni! Ni tupu! Ilikuwa imeazimwa!"

Alienda nayo mlango hadi mlango. Kinyozi alichungulia. Fundi cherehani aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa. "Haina hata harufu ya mchuzi," alitangaza, akarudi polepole kwenye cherehani yake.

Mizani ndiye aliyebaki. Aliipokea hotpoti kwa mikono miwili, akaipima uzito kama alivyopima kila kitu, akaigeuza juu chini na kuitikisa. Hakuna kilichodondoka. Alitazama ubao wake uliofutwa, akashusha pumzi ndefu, akaanza kuandika upya bei za jana, moja baada ya nyingine.

"Na wewe, fundi," alisema bila kugeuka, "nikuulize kitu kwa siri. Ile ya buluu. Kila siku unapita na ya buluu. Ya buluu yenyewe ina maana gani?"

Fundi Wino alichukua hotpoti ya mkewe na kuifunika vizuri.

"Ina maana nina njaa, bwana."

"Njaa yako?"

"Yangu peke yangu."

Mizani alitafakari jibu hilo kwa makini, akaliona lina uzito kamili, na akaiweka chaki nyuma ya sikio.